Wa Kwanza Katika Darasa la Watu Wawili

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Nimetoka kwenye kikao cha wazazi. Nimerudi na mashaka mengi kuliko niliyokwenda nayo.

Miss Pritchard, mwalimu wa binti yangu Raïssa, alinikalisha kwenye kiti cha mtoto wa miaka tisa. Magoti yakanifika kidevuni. Mbinu hiyo naijua. Mtu aliyekaa vile hawezi kuuliza swali gumu. Nikauliza hata hivyo. Nikataka kujua Raïssa amekuwa wa ngapi darasani. Akatabasamu. Akasema anaendelea vizuri sana, ana moyo wa kusaidia wenzake. Nikasema vyema, lakini wa ngapi? Akasema hapa hawawapangi watoto namna hiyo.

Hawawapangi! Darasa zima na hakuna wa kwanza! Hakuna hata wa mwisho! Sasa wazazi wa yule wa mwisho wanajuaje kwamba waone haya?

Kwetu Bukavu, mwaka wa shule ukiisha kuna proclamation. Wazazi wote uwanjani, wamevaa nguo za Jumapili. Majina yanasomwa kwa sauti, asilimia na nafasi, kuanzia wa kwanza mpaka yule ambaye mama yake ameshaanza kuondoka. Kila mtu anajua alipo. Mimi nilikuwa préfet wa nidhamu. Kipaza sauti nilikishika mimi. Nilikuwa nikinusa chingamu nyuma ya mlango uliofungwa, na pua hiyo hiyo leo inaniambia kuna kitu kinafichwa.

Jambo jingine: shule hii ni bure. Kwetu mzazi asipochangia mshahara wa mwalimu, mtoto anarudishwa nyumbani. Hapa mzazi halipi kitu, na mwalimu bado anatabasamu. Kwa nini?

Nimemweleza mke wangu Émilienne. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi, na alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Akauliza kama mtoto anafurahi shuleni. Nikamwambia hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimefanya upelelezi. Kazi yangu ya ghalani inaanza mchana, kwa hiyo asubuhi ni yangu. Nilisimama kwenye uzio wa shule, kofia nimeishusha, gazeti nimelikunjua. Dirisha la darasa la Raïssa linaonekana vizuri kutoka pale.

Wanakaa chini! Kwenye zulia! Kwetu wanaokaa chini ni wale ambao shule yao imekosa madawati. Nimevuka mipaka yote ile, nimesubiri karatasi za ukimbizi mpaka nywele zikatoka mvi, ili mwanangu aje Uingereza, hapa Edmonton, kukaa sakafuni.

Miss Pritchard alikuwa akiwasomea hadithi. Hakuna aliyeandika. Raïssa alikuwa ameegemea kasichana kenye nywele nyekundu, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Nyumbani sijamwona akicheka vile. Nikaandika pembeni mwa gazeti: wanacheka saa za masomo.

Kisha akaja mtunza shule na koti lake la kung'aa. Akauliza ninafanya nini. Nikasema ninakagua. Akauliza ninakagua kwa niaba ya nani. Nikasema kwa niaba yangu. Akanipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mpole mno. Akanipa chai. Akasema naweza kuja kukaa ndani ya darasa siku yoyote nipendayo, sina haja ya kusimama kwenye baridi. Nikakataa. Watu wanaokukaribisha haraka hivyo wameshapanga vitu vyao.

Nilipofika nyumbani, mzee Chandrakant wa fleti ya chini akaniuliza kama nilipoteza kitu pale kwenye uzio. Mzee huyu alizaliwa Mwanza, alikuwa na duka la vitambaa, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, jambo ambalo hakosi kunikumbusha. Amejuaje nilikuwa kwenye uzio? Anasema kila asubuhi hupita pale kununua gazeti. Kila asubuhi! Mtu mstaafu anahitaji habari zote hizo za nini? Nitamchunguza.

Jumapili, 10 Oktoba

Leo nimepata mwanga, na nimeupata kanisani.

Baada ya ibada nilimweleza ndugu Fortunat habari za zulia. Fortunat ni mtu wa Uvira, mwenye Kiingereza safi, anakaa mbali kule karibu na maghala. Kwa kawaida ananisalimia kwa kidevu. Leo alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akanibebea hata Biblia. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Papa Raïssa, siye tulisomaka," akasema. "Hawa ba huku banachezesha batoto tu. Mutoto wako eko na akili. Utamupotezea pale?"

Kisha akanifunulia siri ambayo serikali haitangazi. Uingereza, mzazi ana haki ya kumtoa mtoto shuleni na kumfundisha mwenyewe nyumbani! Ni halali kabisa! Barua moja tu kwa mwalimu mkuu, basi. Nikauliza kwa nini yeye hamfundishi binti yake Chancelle nyumbani. Akasema yeye hana kipaji, hajawahi kuwa préfet. Kweli hiyo. Chancelle anasoma shule ya kule kwao, ambako walimu hubadilika kila mwezi na vioo vya madirisha vimezibwa kwa mbao. Tangu mwaka jana Fortunat amemwandikisha kwenye foleni ya kungoja nafasi katika shule ya Raïssa, darasa lile lile, lakini limejaa. Maskini. Na bado anapata muda wa kunihurumia mimi.

Amejitolea kuniandikia barua. Ameiandika pale pale, juu ya kitabu cha nyimbo. Watu wa namna hii wamebaki wachache.

Jumatatu, 11 Oktoba

Barua nimeitoa. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Akanisihi nifikirie kwanza wiki moja. Akasema shule ina foleni, na jina la Raïssa likishafutwa, nafasi yake itakwenda kwa mtoto mwingine, hawezi kumwekea. Nikamkazia macho. Kwa nini anamng'ang'ania mtoto wangu kiasi hiki? Lazima wanalipwa kwa kila kichwa. Nikasema nimeshaamua.

Émilienne nilimwambia baadaye, akiwa anakula. Nilitumaini samaki atamlainisha. Hakupiga kelele, na hiyo ni mbaya zaidi. Aliweka kijiko chini.

"Na nafasi yake, Papa Raïssa?"

Nikamwambia asiwe na hofu. Shule isiyo na wa kwanza, nani mwenye akili zake ataigombea?

Raïssa alikuwa mlangoni na sare yake. Akauliza kwa Kiingereza, maana huyu mtoto anaelewa Kiswahili chote lakini hajibu nacho hata neno, kama anaweza kwenda kesho mara moja tu kumuaga Keeley. Keeley ndiye yule wa nywele nyekundu. Nikakataa. Huko ndiko wangemrubuni.

Jumatano, 13 Oktoba

Siku ya ufunguzi wa Complexe Scolaire Gervais, yaani shule yangu mimi Gervais! Sebuleni. Meza ya kulia chakula nimeigeuza dawati. Sofa ni ofisi ya mkuu wa shule. Karibu na runinga ni chumba cha walimu.

Saa mbili kamili nilipiga kengele, yaani sufuria. Mwanafunzi akaingia kwa mstari. Tukakagua kucha. Tukafanya imla ya Kifaransa, kisha mito ya Kongo na vijito vyake. Raïssa akauliza mto unaopita nyuma ya nyumba yetu hapa Edmonton unaitwaje. Nikamwambia huo hauko kwenye mtaala.

Somo la Kiingereza lilikuwa na matatizo. Mwanafunzi alimsahihisha mwalimu. Nikampeleka ofisini kwa mkuu wa shule. Akasimama mbele ya sofa. Mkuu wa shule akamwonya, kisha akarudi mezani kimya kimya kuangalia kamusi. Mwanafunzi alikuwa sahihi. Sikumwambia.

Wakati wa mapumziko aliuliza acheze na nani. Swali ambalo sikulitegemea. Nikacheza naye kuruka kamba. Nimeumia kifundo cha mguu. Chandrakant akagonga dari yake kwa fimbo. Baadaye akapanda juu kuuliza kama sote tuko salama, na kwa nini mtoto hayuko shule. Ameleta na chapati, kisingizio cha kuingia ndani! Macho yake yakazunguka mpaka kwenye sufuria. Nina hakika anapeleka habari kaunsili, halmashauri ya hapa.

Ijumaa, 22 Oktoba

Tatizo kubwa. Nimeanzisha shule ili Raïssa apewe nafasi, na katika darasa la mtu mmoja hakuna nafasi. Akiwa wa kwanza, ni wa mwisho pia. Proclamation gani hiyo?

Nikamwomba Émilienne ajiandikishe. Akaniangalia mpaka nikaondoka jikoni.

Ikabidi nijiandikishe mimi. Mtihani tukaufanya leo, wote wawili, tumepeana migongo. Maswali ya hesabu na Kiingereza niliyatoa kwenye kitabu cha maktaba, majibu yako nyuma ya kitabu. Sikuyaangalia, isipokuwa la saba, na hilo nilikuwa nalijua.

Matokeo. Wa kwanza: Raïssa, asilimia themanini na saba. Wa pili: Gervais, sitini na moja.

Nimekagua karatasi yake kwa kioo cha kukuzia maandishi. Nilishuku alinakili kwangu, lakini majibu yake ni sahihi, basi haiwezekani. Nikamwuliza sehemu za desimali alijifunza wapi. Akasema kwa Miss Pritchard, kwenye zulia. Anasema wanacheza duka. Nimeacha kuuliza.

Jumanne, 2 Novemba

Kaunsili wametuma mtu! Nilijua! Barua ilisainiwa M. Lawson, afisa wa elimu, akiomba kuja kututembelea kwa hiari yetu. Nani mwingine amewaita kama si Chandrakant? Nimeacha kumsalimia ngazini.

Nilitegemea Mwingereza mwenye miwani. Akaja mama mweusi mwenye kilemba. Nikadhani ni wa Jamaika. Akakaa, akafungua daftari lake, na mimi nikapata wazo la kijasusi. Nikamwambia Raïssa kwa Kiswahili, huku nikimtabasamia mgeni: sema unapenda hapa, usitaje sufuria, usitaje mtihani kwamba nilikuwa wa pili, na asikudanganye huyu mama, kazi yake ni kutafuta makosa.

Mgeni akageuza ukurasa.

"Asante kwa kunikaribisha, mzee," akasema. "Mimi naitwa Mumbi, nimetoka Nyeri. Huo mtihani pia ningependa kuuona, ukiwa tayari."

Mkenya! Na jina la mume Mwingereza! Kujificha nyuma ya ndoa namna ile!

Nikamwonyesha kila kitu. Lazima niandike ukweli: aliisifu imla. Alisema naonekana kumpenda mtoto na kujitahidi, wako wazazi wanaofundisha nyumbani na watoto wao wanang'ara, hakuna njia moja inayomfaa kila mtoto. Shida yake ilikuwa moja. Akamwuliza Raïssa wiki hii amecheza na nani. Raïssa akasema na Papa, lakini Papa ameumia mguu. Akamwuliza angependa nini. Raïssa akaniangalia mimi kwanza. Kisha akasema taratibu kwamba angependa kukaa na Keeley.

Bi Mumbi hakuandika kitu. Alifunga daftari na kusema nizungumze na shule mapema, kabla nafasi haijajazwa. Nikamsindikiza mpaka chini nihakikishe hazungumzi na Chandrakant. Walisalimiana! Kwa Kiswahili!

Émilienne amesikia yote. Amesema Jumatatu nitarudi kwa mwalimu mkuu kuomba, na kwamba hilo halikuwa pendekezo. Sawa. Lakini kabla ya hapo shule yangu itafanya proclamation.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimechukua ruhusa kazini. Viti vimeazimwa kanisani. Wageni: Mama Winifrida wa kwaya na wifi zake, Fortunat aliyesema atapitia hapa akitoka kumchukua Chancelle, na Chandrakant, ambaye Émilienne amemwalika bila idhini yangu.

Raïssa alivaa gauni jeupe. Nilisimama juu ya kiti na kutangaza kwa sauti ya zamani, ile ya uwanjani. Wa pili, Gervais, asilimia sitini na moja. Makofi ya adabu. Wa kwanza! Nikasita kama inavyotakiwa. Raïssa, asilimia themanini na saba! Wifi zake Mama Winifrida wakapiga vigelegele. Hapo hapo nje zikaanza fataki za Waingereza, zile za kila mwaka, na watu wote wa kwetu Kivu wakainama chini kwa pamoja, kama kule risasi zikilia. Mama Winifrida alifika chini ya meza. Chandrakant peke yake alibaki wima, ameshika sambusa. Tukacheka sana baada ya kuinuka.

Fortunat ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Chancelle alikuwa pembeni yake, amefunga koti mpaka shingoni. Chumba kilikuwa na joto, nimewasha hita tangu asubuhi kwa heshima ya wageni. Mtoto alikuwa anatoka jasho. Émilienne akamwambia avue koti. Fortunat akasema hapana, ana mafua. Émilienne akalivua mwenyewe.

Sweta la rangi ya damu ya mzee. Nembo ya shule ya Raïssa kifuani.

Émilienne alimtazama Fortunat. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Nikahisi masikio yanapata moto, nikadhani ni hita.

Raïssa akaja akanishika mkono. Akasema, na hakusema kwa Kiingereza:

"Papa, ile nafasi ilikuwa yangu. Sasa Chancelle ndiye eko pale."

Nimekuwa nikimwomba huyu mtoto Kiswahili tangu aanze kusema, na leo ametoa sentensi nzima, mbele ya watu! Haya ndiyo matunda ya shule yangu! Nikawageukia wageni ili wasikie vizuri, lakini walikuwa wanatafuta makoti yao. Raïssa alikuwa ameshauachia mkono wangu.

Fortunat akanivuta kando na kunieleza. Ameumia sana kumpeleka mtoto wake pale. Amefanya hivyo kwa ajili yangu, ili tuwe na mtu wetu ndani, tujue wanaficha nini. Kujitoa kwa namna ile! Nilimkumbatia. Alipoondoka, Chandrakant akanisogelea.

"Bwana Gervais, mimi nilimwona rafiki yako pale getini asubuhi ile ile ulipotoa barua. Aliingia ofisini kabla wewe hujafika nyumbani."

Wivu mtupu.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, Émilienne nyuma yangu. Darasa limejaa. Akasema amesikitika, na alionekana amesikitika kweli, jambo la kushangaza. Jina la Raïssa limewekwa mwisho wa foleni.

Lakini bahati bado iko upande wetu! Kaunsili wamepata shule nyingine yenye nafasi moja, darasa lile lile. Kuna mtoto amehama hivi karibuni. Iko kule karibu na maghala, mabasi mawili. Émilienne aliposikia jina la shule alikaa kwenye benchi la kituo cha basi na kufunika uso. Uchovu wa zamu.

Jumapili, 14 Novemba

Wiki ya kwanza imepita. Kila asubuhi nampeleka Raïssa mwenyewe. Basi la kwanza linapita mbele ya shule ya zamani. Anakaa ghorofani, upande wa dirisha, na kumpungia Keeley uwanjani. Keeley haangalii juu. Raïssa anapunga hata hivyo. Siku hizi nazungumza naye habari za mito, lakini hanijibu, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Sipendi ukimya huo. Kitu gani wanamfundisha kule asichoweza kuniambia? Madirisha yamezibwa kwa mbao. Yamezibwa ili nani asione? Kesho nitatafuta uzio.

Leo kanisani nilimweleza Fortunat habari za mabasi. Yule mtu! Machozi yalimlengalenga. Akasema hawezi kulala akifikiria mtoto wangu kwenye baridi ya kituo. Akafikiri kidogo, akapata njia. Tubadilishane fleti! Kaunsili wanaruhusu, ni halali kabisa. Sisi tuhamie kwake, Raïssa aende shule kwa miguu, na mimi ghala liko pale pale. Yeye na Chancelle watahangaika na fleti yetu. Nikamwambia fleti yetu ina vyumba vitatu na yake viwili, atapata kazi zaidi ya kufagia. Akasema atavumilia. Ameshaniandikia maombi, bado sahihi tu.

Chandrakant amekuja tena, safari hii na kachori, kuuliza kwa nini Fortunat alikuwa ngazini anapima upana wa mlango wetu kwa utepe. Sikumjibu. Kwa bahati nzuri sitakuwa naye jirani muda mrefu.

Émilienne yuko zamu. Nilipotoa kalamu, Raïssa alisimama mlangoni akaniangalia. Akauliza kama Mama anajua. Akauliza pia kwa nini mimi sisomi kwanza kilichoandikwa, na kwa nini kila wazo la Papa Chancelle linaishia na Papa Chancelle kupata kitu chetu.

Mtoto wa miaka tisa! Nimetia sahihi nikiwa na huzuni. Nani anamfundisha mtoto huyu kushuku watu?